Siku Mama Alipotandika Mkeka Mbele ya Lori

Miaka yote niliyoendesha lori, mama alikuwa akiniuliza mambo mawili tu: kama nimekula, na kama nimesali. Kazi yenyewe hakuiuliza. Aliamini kwamba mtu aliyekabidhiwa gari kubwa kiasi kile amekabidhiwa gari zima.

Imani hiyo ilimtoka siku moja ya kiangazi, nilipopita nyumbani kwake Bugene kumletea sukari na sabuni. Nyumba yake iko juu kidogo ya barabara, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia marehemu baba. Nilisimamisha lori kwenye mwinuko, nikaruka chini, nikaokota jiwe kubwa na kulisukumiza nyuma ya tairi. Kisha nikaokota jingine. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara nyingi mno, sikuona tena kama ni jambo. Mama alikuwa amesimama na jembe mkononi, ananitazama.

"Gari linawekewa mawe kwa nini?"

"Hendibreki imechoka, mama."

"Na hizo breki nyingine?"

Nikacheka. "Zipo. Ila zinataka kubembelezwa."

Yeye hakucheka. Alipokea vitu vyake, akashukuru, akanifungia ndizi mbivu za watoto kwenye jani. Nilipoondoka nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ameinama barabarani, anayaondoa yale mawe niliyoyaacha, moja baada ya jingine, anayaviringisha hadi mtaroni.

Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu. "Umemwambia mwenye gari?" Nami nilikuwa nimemwambia kweli. Tajiri wangu alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kule Kyerwa, mtu mcheshi, hana makuu, akikukuta kijiweni anakununulia chai. Kila nikimweleza habari ya breki alinijibu neno moja: "Mkirudi tutatengeneza." Tukirudi tulikuta magunia yamekwisha kupangwa, wapakiaji wanasubiri, na kiwandani Bukoba wanapiga simu. Msimu wa kahawa haumngoji mtu.

Wala sitaki kumtwika tajiri mzigo wote. Sisi madereva wenyewe tulilipenda gari bovu. Pale Omurushaka, tulipokuwa tukikaa kupumzika, hakuna aliyesimulia kwamba ameteremka salama na gari zima. Tulisimulia nani kashuka mlima breki zimekwisha, nani kaliegemeza gari kwenye ukingo likasimama lenyewe, nani kashuka akitetemeka halafu akaagiza soda kama mtu aliyetoka harusini. Mimi nilikuwa na jina pale. Wakinitaja walisema, "Yule hata ukimpa gari lisilo na breki anafika." Nililipenda jina hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Kiangazi hichohicho lori la ndizi lilipinduka huku kwetu, likamuua dereva wake, na wanawake wa usharika wa mama wakaenda kuzika. Mama aliporudi msibani hakunipigia simu. Nilidhani amechoka kunisema.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa Nkwenda, sokoni, napakia kahawa ya maganda ya kupeleka Bukoba. Ilikuwa asubuhi, watu wamejaa. Turubai lilikuwa limeshafungwa na mimi niko kwenye usukani, naangalia upepo wa breki unavyopanda, nikaona bodaboda imesimama mbele yangu. Akashuka mama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, ana mwavuli kwapani na mkeka begani.

Nilifikiri amefiwa. Nikatoa kichwa dirishani. "Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba," akasema. Akatandika mkeka barabarani, hatua chache kutoka kwenye bampa, akavua kandambili zake, akaketi na kunyoosha miguu. Akafungua mwavuli.

Wapakiaji walianza kucheka. Mmoja akaita, "Dereva, umeletewa abiria!" Nikashuka nikamwendea, nikachuchumaa karibu yake, nikisema kwa sauti ya chini, "Mama, inuka, tutaongea nyumbani." Mama akikasirika huwa anasema Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Siku hiyo alisema Kiswahili, tena kwa sauti, kwa sababu alitaka kila mtu asikie.

"Sitainuka. Breki za kubembelezwa mimi sizijui. Nimetoka kuzika."

Watu wakakusanyika. Wauza nyanya waliacha biashara zao. Nilihisi masikio yananiwaka moto. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye jina pale Omurushaka, na sasa nimechuchumaa mbele ya lori langu namsihi mama yangu kama mtoto aliyevunja chungu. Nilitamani ardhi ipasuke. Niseme kweli: kwa dakika ile nilimchukia.

Tajiri akaja kwa miguu kutoka ghalani. Alimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia.

"Mama, kahawa inasubiriwa. Tuachie njia."

"Mwanangu haondoki na gari hili."

"Lakini mama, gari ni langu."

"Gari ni lako, mtoto ni wangu. Chukua chako, nipe changu."

Watu walipasuka kwa kicheko. Hata tajiri alijaribu kucheka, ila uso ulimkataa. Akanigeukia mimi, akanitazama tangu miguuni hadi kichwani, akasema, "Haya, nenda na mama yako." Akatoa simu mfukoni akamwita dereva wa deiwaka.

Deiwaka ni dereva asiye na gari lake la kudumu. Anakaa kijiweni, na mwenye gari akikosa dereva kwa siku hiyo humwita. Aliyeitwa nilimjua vizuri. Wazazi wake walikuwa watu wa Burundi, walikuja Kyerwa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, wakawa vibarua wa mashambani, wote wawili wakafia hukuhuku. Alilelewa na mjomba wake. Alikuwa dereva mzuri kuliko mimi, mtaratibu, lakini hakuwa na mtu wa kumsemea kwa matajiri, ndiyo maana miaka ilikuwa inapita naye yuko deiwaka. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga.

Alikuja akikimbia, shati halijafungwa vifungo. Nikamchukua nyuma ya gari kumkabidhi ufunguo, mbali na macho ya watu.

"Breki zikoje?" akaniuliza.

"Ukizipampu zinashika. Lakini ule mteremko wa kwenda Kyaka usiuamini. Ingia na gia nzito ukiwa bado juu, usisubiri."

"Naujua."

"Na ukisimama, weka jiwe."

Akaniangalia akatabasamu. "Na wewe nenda kanyonye, kaka. Mama anasubiri."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa nguvu zaidi, nikampiga begani, nikasema wazee hawa wakizeeka wanakuwa watoto. Nilitaka aondoke na picha hiyo, ya mwanamume anayemcheka mama yake, siyo ile ya mwanamume aliyechukuliwa na mama yake.

Mama alipoona ninashika begi langu alikunja mkeka. Yule mwenzangu alipompita alimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Safari njema." Kisha lori likaondoka, likaacha vumbi, na wauza nyanya wakarudi kwenye nyanya zao.

Tulirudi kwa bodaboda moja, mama katikati, mimi nyuma nimekumbatia begi na mkeka. Kila tulipopita palikuwa na anayenifahamu. Nilipomshusha Bugene aliniuliza kama nitakula, nikamwambia sina njaa. Nyumbani kwangu Kayanga habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mke wangu alinipa maji ya kuoga, akageuka upande, na mabega yake yakawa yanatetemeka kwa kicheko anachokizuia.

Alasiri hiyohiyo simu ililia. Alikuwa dereva mwenzetu, yuko Kyaka.

"Uko wapi wewe?"

"Nyumbani."

Akasema, "Basi Mungu yuko upande wako. Gari limekwenda, pale mteremkoni."

Yule deiwaka alikuwa ameingia mteremkoni na gia nzito, kama nilivyomwambia, na kama alivyojua mwenyewe. Gia ikachomoka. Akapampu breki hadi upepo ukaisha. Mbele yake kulikuwa na Hiace inapanda, imejaa watu, akalikata lori kushoto, akalipeleka kwenye ukingo wa mlima. Ukingo ulilisimamisha. Kichwa cha gari kilijikunja kama kopo, na mguu wake ukawa ndani. Magunia ya kahawa yalipasuka, barabara ikajaa, magari yakawa yanateleza juu ya kahawa.

Jioni hiyo watu walianza kuja kwangu. Walikuja kunipongeza. Siwezi kutafuta neno jingine, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Walinishika mikono, wakasema Mungu mkubwa, wakasema mama yangu ni nabii. Walewale waliokuwa wananiita mtoto wa mama walikaa sebuleni kwangu wanakunywa chai na kutikisa vichwa. Nami nilikaa katikati yao, miguu yangu miwili imenyooka sakafuni, nikaitikia, "Kweli, kweli." Kila mkono niliopewa niliuona mzito.

Jumapili, kanisani, mchungaji alimwita mama atoe ushuhuda. Watu waligeuka kumtazama, wengine walianza kupiga vigelegele kabla hajainuka. Mama alitembea hadi mbele, akashika ukingo wa benchi la kwanza. Mimi nilikaa upande wa wanaume, nikaangalia chini. Nilijua atashukuru, na nilijua nitatakiwa kusimama kando yake.

"Sina ushuhuda," akasema.

Vigelegele vilikatika.

"Nilikwenda na mkeka wangu. Nikamtoa wa kwangu. Akaja mtoto mwingine, akaniamkia, nikamwitikia mwanangu, nikamtakia safari njema. Nikakunja mkeka. Kama gari lilikuwa baya kwa mtoto wangu, lilikuwaje zuri kwa yule? Mniombee."

Akarudi kukaa. Mchungaji akaanzisha wimbo, na watu wakaimba kwa shida.

Tukaenda kumwona yule mwenzangu hospitalini, mimi na mama. Mama alikuwa amepika ndizi na maharage, ameviweka kwenye hotpoti na kuifunga kwa kitambaa. Njiani nilimwambia tusikae sana. Alinijibu kwamba tutakaa.

Walikuwa wamemkata mguu wa kulia chini ya goti. Alikuwa amelala, uso umekonda, mkewe ameketi kwenye ukingo wa kitanda ananyonyesha. Aliponiona alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulipokea kuliko tusi. Mama alipiga magoti sakafuni kabla sijamzuia.

"Mwanangu, nisamehe."

"Mama, inuka. Umenikosea nini?"

"Nilikuona unapanda."

"Ulikuwa unamlinda mwanao. Hata mama yangu angekuwepo angefanya hivyo." Akatazama dari. "Mimi sikuwa na mtu wa kunikalia barabarani, basi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba nyumba fulani haina mlango wa nyuma. Mkewe alimhamisha mtoto titi, hakutuangalia. Nikamwuliza kama analala vizuri. Akasema maumivu yako kwenye vidole, vidole ambavyo havipo. Mama akafungua hotpoti, akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mpaka akashiba.

Siku chache baadaye tajiri alinifuata nyumbani. Hakuwa mcheshi tena. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Polisi watakuita," akasema. "Sema tu gari lilikuwa zima ulipoliacha. Yule alikuwa deiwaka, hakulizoea. Hiyo ni kweli, au si kweli?"

"Breki, tajiri?"

"Breki ulikuwa unaziendesha mwenyewe. Ulikuwa unafika. Ukisema zilikuwa mbovu, utakuwa unajisema mwenyewe."

Alikuwa na haki katika hilo, ndiyo maana liliniuma. Usiku ule na uliofuata sikulala vizuri. Mke wangu alisema fanya lile ambalo hutaona aibu kumweleza mama yako. Nikamjibu kwamba hakuna hata moja katika hayo mawili.

Askari wa usalama barabarani aliyenihoji alikuwa kijana, mtulivu, anaandika polepole. Nilimwambia breki zilikuwa mbovu tangu kabla ya msimu, na hendibreki haikuwapo kabisa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaendesha?"

"Niliendesha."

"Na watu ulikuwa unapakia?"

Nikawakumbuka akina mama wa sokoni niliokuwa nawapandisha juu ya magunia kwa sababu waliniita kaka. Nikawakumbuka wanangu wawili, niliowapakia siku ya kufunga shule waone mto Kagera, wamekaa pembeni yangu wanaimba huku tukishuka mteremko uleule, nami napampu breki kwa mguu huku natabasamu wasishtuke.

"Nilipakia," nikasema.

Askari hakunikaripia. Aliacha kuandika, akanitazama kidogo, akarudi kwenye karatasi yake. Afadhali angenikaripia.

Kesi ilikwenda, ikaahirishwa, ikaenda tena. Mwishowe tajiri alipigwa faini, akaamriwa kumfidia yule mwenzangu, akafidia kwa kusuasua. Lori lilinyooshwa kichwa, likafungwa breki mpya, likapakwa rangi. Mpaka leo liko barabarani na dereva mwingine, nami nikipishana nalo napigiwa honi. Kuzifunga breki zile mpya kulichukua siku moja tu. Fundi mwenyewe aliniambia.

Mimi nilikaa bila kazi muda mrefu. Matajiri waliniogopa, wengine kwa sababu nilitoa ushahidi, wengine kwa utani kwamba ukiniajiri unamwajiri na mama yangu. Nilirudi kibanjani Bugene, nikalima na mama. Hatukuzungumza sana habari ile. Siku moja tu, tunapogolea migomba, alisema bila kugeuka, "Ningebaki nimekaa. Ningebaki nimekaa hata baada ya wewe kushuka." Nikamwambia tajiri angemwita polisi. Akasema, "Angemwita. Polisi angeuliza kwa nini nimekaa."

Baadaye nilipata gari dogo la mzigo, la ushirika wa wakulima fulani, na hilo lina breki, nazikagua mwenyewe kila asubuhi. Kijiweni Omurushaka sikai tena. Siyo kwamba nimekatazwa. Zile hadithi bado zinasimuliwa, na wanaozisimulia ni vijana, na naona wanavyozipenda.

Yule mwenzangu anasimamia upakiaji sokoni Nkwenda sasa, na mkongojo wake. Anajua kupanga mzigo usilemee upande mmoja, na magari mengi hayaondoki kabla hajayazunguka. Tunasalimiana. Tulikuwa hatujapanda gari moja tangu siku ile, hadi majuzi alipokuwa anakwenda Bukoba kliniki kuangaliwa ule mguu wa bandia, akaniona napita, akanyoosha mkono.

Nilimsaidia kupanda. Tukaongea habari za mvua na bei ya kahawa mpaka tukapita Bugene, na baada ya hapo akawa anaitazama barabara tu. Tulipofika juu, pale barabara inapoanza kuinama kuelekea Kyaka, akasema, "Simama."

Nikasimama kando. Nilidhani anataka kushuka.

"Breki ziko vipi?" akaniuliza.

"Nzima."

"Zijaribu nione."

Nikaenda kidogo, nikakanyaga. Gari likashika, likatulia.

"Tena."

Nikakanyaga tena. Nyuma yetu lori la ndizi lilipiga honi, dereva wake akatoa mkono dirishani akaupunga kwa hasira. Nilihisi lile joto la masikio, lilelile la sokoni, mbele ya mtu nisiyemjua hata jina.

"Na hendibreki," akasema.

Nikaivuta. Nikaachia pedali zote, nikainua miguu yangu yote miwili aione. Gari halikusogea. Alitazama miguu yangu, akatazama mteremko, akafunga mkanda.

"Haya," akasema. "Gia nzito. Twende polepole."

Tukashuka. Lile lori la ndizi lilitupita kwenye kona, likatutimulia moshi, nami sikuweza kumtazama mwenzangu usoni mpaka tulipofika chini.